Siku Tulikataa Kupaka Ukuta

Siku ya kwanza mu kazi balinipatia bic ya kuandikia. Niliishika kama vile muntu anashika panya ku mukia, nikairudisha.

"Mutoto yangu, hii umupatie mwenye anajua njia yake."

Espérance, secrétaire ya projet, alikuwa musichana mwembamba, mwenye kusimama wima sawa mushumaa ya kanisa. Akaniangalia toka kichwa mupaka miguu. "Mama Bahati, sasa majibu ya bantu utaileta namna gani?"

"Nitaileta mu mudomo."

Leo Espérance njo mukubwa ya équipe, na mimi nimepumuzika. Mimi ninasema, yeye anaandika, na nimemukataza kunipambia. Anataka niwaachie maneno nyinyi vijana benye munaingia mu hii kazi ya kuzunguka mu quartier na kuuliza bantu kama banaridhika na mifereji, na matanki, na mashimo ya mawe. Mambo ya cheo sitawaambia. Cheo yangu ilikuwa kupanda na kushuka Mukondo kila siku, na magoti bado inanikumbusha.

Mimi nilizaliwa Kibua, kule Walikale, mu pori. Kwetu kule mvua inaingiaka bila kubisha, kama ndugu. Ndoa njo ilinileta huku Bweremana, ku kando ya ziwa, kwa bwana mwenye alikuwa anavua samaki. Nikafikia mu quartier ya zamani, hii Mukondo: nyumba ya mbao na udongo, yenye bazee balijenga moja nyuma ya ingine, toka barabara mupaka karibu na maji. Ku juu yetu iko vilima ya Masisi. Mvua ikinyesha kule juu, sisi huku chini tunapata habari yake na miguu.

Kwa myaka mingi bakubwa balikuwa banasema Mukondo ibomolewe, iko ya zamani sana. Kisha projet ikakuya na neno ingine: nyumba ibaki, bazee babaki, lakini maji ya mvua ipewe njia. Batachimba mufereji na kupanda matete ndani, ili maji itembee pole pole, isikimbie. Batachimba mashimo na kuyajaza mawe, maji iingie mu udongo. Na chini ya kila bati, tanki ya kukamata maji ya mvua. Sisi tulisikia, tukasema aksanti. Sisi tunasemaka aksanti kwa kila kitu, mutaona.

Namna niliingia mu kazi, ni juu ya ubaya yangu. Tulikuwa ku robinet ya maji, foleni ya mabido ya kuchotea ikifika mupaka barabara, na mimi nilikuwa namuiga ingénieur ya projet. Tumbo mbele, mukono ku kiuno, vidole ikipanga miwani yenye sina: "Bon, bon, bon. En principe, bamama, maji haiwezi kupita hapa." Bamama balicheka mupaka mabido ikaanguka. Kisha bakanyamaza bote mara moja, na mimi nikajua ingénieur mwenyewe iko nyuma yangu. Niligeuka. Alikuwa amevua miwani, anapangusa machozi. "Huyu Mama anashika sauti ya bantu sawa radio," akasema. "Mumulete ku biro."

Shida yabo ilikuwa hii. Vijana ya mujini balikuwa banakuya na karatasi kuuliza bantu. Lakini muntu ya Mukondo akiona karatasi anasimama kama yuko mbele ya juge ya mahakama, anajibu ndiyo ku kila swali. Ndiyo, niko na tanki. Ndiyo, sina tanki. Basi bakaona afazali mimi nizunguke mikono mitupu, niikale na bantu, nichambue nabo maharage, na saa tisa nirudi ku biro na majibu yabo mu kichwa. Espérance anafungua kitabu, na mimi ninatoa bantu moja moja, kila mumoja na sauti yake.

"Hm-hm! Population yangu iko contente."

Espérance haulizi hata ni nani. Anaandika: Shefu Bauma, bantu yake banafurahi. Shefu ya quartier alikuwa hawezi kusema neno bila kukohoa kwanza, kama vile anapigia maneno yake hodi. Siku moja nikatoa sauti ya muzee mumoja kiziwi, na Espérance akanijibu kwa kelele kubwa, alisahau kama ni mimi. Usikatae, Espérance. Andika.

Mwenye alinifundisha kazi ni Papa Kasereka, fundi ya maji, Munande ya upande ya Butembo. Alikuwa anasema pole pole, kila neno anaipima kwanza sawa muntu anachagua nyanya ku soko. Mvua ikianza, bantu bote banakimbilia mu nyumba, yeye anavaa boti anatoka. Mimi nyuma yake. Siku ya kwanza nilikuwa namuuliza maswali, yeye haniangalii. "Mama, usiangalie mimi. Angalia maji." Tukasimama pale tunalowana sawa ngombe ya malisho ya Burungu. Maji ikashuka, ikafika ku jiwe, ikafikiri kidogo, ikageuka. "Uliona?" Niliona. Toka ile siku sijaona tena mvua kama kitu ya kukimbia.

Njo yeye alinikatia ile fimbo yenye munaona Espérance anatembea nayo. Ni ya mukaratusi. Alinisimamisha, akapima ku muguu yangu mwenyewe, akachonga alama tatu: moja ku kifundo, moja katikati ya muundi, moja ku goti. "Maji ikiingia mu nyumba inaacha mustari ya matope ku ukuta," akasema. "Muntu anaweza kukuambia iko sawa. Wewe simamisha fimbo ku ukuta, usome." Njo kusoma yenye nilisoma, hakuna ingine.

Sasa nifike ku kosa yangu, juu nikiruka hapa Espérance ataandika yeye.

Huku kwetu mugeni hapokelewi na ukuta muchafu. Mukisikia mugeni anakuya, bamama bote banachanganya udongo mweupe na majivu na kupaka ukuta upya, zaidi kule chini, fasi yenye kuku na batoto banaharibu. Hata mwenye hana chakula anapaka. Basi, mwaka ya pili ya kazi, mashimo ya mawe imeisha, mufereji ya matete imeshuka mupaka katikati ya Mukondo, tukaambiwa bageni banakuya kuangalia kama bantu banaridhika. Na nani alizunguka nyumba kwa nyumba akisema, "Bamama, bageni! Mupake!"? Ni mimi. Nilikuwa na boti mupya. Nilikuwa na furaha sana.

Chini kabisa, karibu na ziwa, kulikuwa nyumba sita, jina yake kwetu mustari ya chini. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Sifa. Ni mujane, batoto yake balishaolewa mbali, na sauti yake iko ndogo kama ya muntu anapuliza moto. Ile wiki mugongo ilikuwa inamuuma. Nikamubebea udongo mimi mwenyewe, nikazunguka nyuma ya nyumba kumupakia.

Ku ukuta ya nyuma niliona mustari ya matope, rangi ya chai ya maziwa. Fimbo ilikuwa mu mukono. Sikuisimamisha. Niliona na jicho tu, inafika ku muundi.

"Mama Sifa, maji inakuingiliaka?"

"Kidogo tu, mama. Aksanti, aksanti, tuko sawa tu."

Nikapaka juu ya ile mustari. Nilipaka muzuri, na vidole yangu kumi, mawimbi mawimbi, vile mama yangu alinifundisha Kibua. Na saa tisa, ku biro, nikatoa ile jibu kwa sauti yake kabisa, na ule mupumuzi yake mu katikati ya maneno. Espérance akaandika. Tulicheka hata, juu nilikuwa nimeipatia sauti yake.

Bageni balikuya. Mukondo ilikuwa nyeupe sawa siku ya ubatizo. Bakapita, bakasalimia, kila muntu akasema aksanti. Ingénieur akaangalia ukuta ya mustari ya chini, akaangalia kitabu. "Bon, bon, bon. Hapa bantu banaridhika." Mu mupango ya kwanza, mufereji ilikuwa ishuke mupaka ziwa, ipite pembeni ya zile nyumba sita. Akasema haina lazima tena: en principe, yaani vile kitabu inasema, matete ya juu itakunywa maji yote. Mufereji ikakatiwa pale pale, juu ya mustari ya chini.

Mwezi ya ine, mvua ikakuya yenye haikusikia habari ya en principe.

Ilikuwa muchana. Nilisikia sauti moja tu, kama gunia ya muhogo imetupwa chini. Nikakimbia. Ukuta ya nyuma ya Mama Sifa ilikuwa imeanguka ndani, imelala juu ya kitanda kipande kizima. Yeye alikuwa mu kikoni ya inje, anapika. Nilimukuta amesimama pembeni, mwiko mu mukono, maharage ingali ku mwiko. Aliniona, akapangusa mukono ku kikwembe.

"Karibu, Mama Bahati. Unisamehe, hakuna fasi ya kuikala."

Mimi nilikuwa naangalia kitanda. Ukuta ililala uso juu, na ku ule udongo mweupe vidole yangu kumi ilikuwa pale pale, mawimbi mawimbi, haikufutika. Fasi yenye ilikatikia, kule ndani, udongo ilikuwa laini sawa uji. Kama ilikuwa saa ya kulala, tungemuzika na alama ya mikono yangu juu yake.

Nilipanda ku biro bila kupangusa boti. Nikamwambia ingénieur kama mufereji ilipaswa kufika ziwa. Hakunikasirikia. Afazali angenikasirikia. Alifungua kitabu, akatafuta na kidole, akasoma: "Mama Sifa. Aksanti, aksanti, tuko sawa tu." Akaniangalia. "Hii sauti ni wewe uliileta, Mama."

Niliangalia boti yangu, matope yake inaanguka ku sakafu.

"En principe dossier imefungwa," akasema. "Benye banasaidia projet batakuya mara moja ya mwisho, nyuma ya wiki sita. Bakikuta tena bantu banaridhika, banafunga kabisa, tunaenda. Bakikuta ingine..." Akainua mabega.

"Batakuta ingine," nikasema.

Inje nilimukuta Papa Kasereka anavaa boti. Alikuwa amesikia yote, mulango ya biro ilikuwa haifungi. "Utalia kesho, Mama," akasema. "Leo maji ingali inapita. Kuya tuone." Tukashuka. Tukafuata mufereji mupaka pale ilikatiwa. Maji ya Mukondo yote, ya barabara, ya mabati, ya vilima, ilikuwa inafika pale, inaikala kidogo, kisha inamwangika kati ya ndizi ya Shefu na mulango ya Mama Sifa. Nikasimamisha fimbo ku nyumba zote sita. Ilikuwa inapita alama ya muundi ku nyumba ine, na ku mbili inagusa goti.

Siku ya salongo, pale quartier yote inakuya kufagia barabara, Shefu Bauma alipanda ku jiwe. "Hm-hm! Bageni banarudi. Population yangu ipake nyumba, quartier iwe muzuri."

"Hatupaki," nikasema.

Mama mumoja akaniuliza kama niko na malaria.

Nikaelezea. Nikasema ukuta yenu njo karatasi yenye ingénieur anasoma, na sisi tunaifuta sisi benyewe mbele hajasoma. Banaangalia tu. Kupokea mugeni na ukuta yenye matope! Bazee batasema nini? Basi nikafanya vile ninajua. Nikabatoa bote pale pale, moja moja, vile balinijibu: mwenye anasema aksanti na bido ya maji ku kichwa, mwenye anasema aksanti akifukuza bata mu chumba, Shefu anakohoa na kusema population iko contente na kiatu yake inaelea. Balicheka, banashikana ku mabega. Kisha, mwisho, nikatoa ingine, pole pole: "Karibu, Mama Bahati. Unisamehe, hakuna fasi ya kuikala."

Hakuna mwenye alicheka.

Mama Sifa alikuwa pale, nyuma ya bantu, na fagio. Akakuya mupaka mbele yangu. Sikujua kama ile sauti inaweza kupanda.

"Sauti yangu usiibebe tena. Uliibeba mara moja, uliona kitu ilifanya. Na mugeni sitamupokea mu matope. Bwana yangu njo alikufa. Haya yangu haikufa."

Akaenda. Iko maneno yenye sijaiga mupaka leo, na hii leo ninaisema na sauti yangu mimi.

Nilirudi kwangu, nikachukua jembe, nikaanza kukwangua ukuta ya mbele, ile yenye inaangalia njia. Nyumba yangu iko katikati ya kilima, bantu bote banapita pale. Udongo mweupe ikaanguka, chini yake mustari ya matope ku kifundo. Nikakwangua tena. Chini ya ile kulikuwa udongo mweupe ya zamani, na ku ule mustari ingine. Na ingine. Kila mwaka nilipaka, kila mwaka nilisahau. Nilikuwa naona ukuta ya bantu, yangu sikuiona.

Jirani akasimama. "Eeh, Mama Bahati! Hata wewe?"

"Hata mimi. Nikuletee jembe?"

"Ah, kwangu hapana. Kwangu iko kidogo tu."

"Kidogo tu," nikamurudishia, na sauti yake kabisa. Akaangalia chini. Kisha akachukua jembe.

Siku ya pili nilisikia kukwangua huku na kule, krr, krr, kama panya kubwa iko mu Mukondo. Bibi ya Shefu alianza nyuma ya nyumba, fasi yenye bwana yake hapitaki. Alimaliza nyuma, akakosa kazi, akakuya mbele. Shefu alikohoa siku mbili bila kusema neno, ya tatu akamushikia jembe.

Lakini nyumba sita ya chini haikukwangua. Balikuwa banangojea Mama Sifa, na Mama Sifa alikuwa amefunga ile fasi ya ukuta na bâche ya plastiki, analala mu chumba ya mbele, hasemi na mimi. Niliendaka kwake kila asubui. Ninamuletea maji, ninaweka, ninaenda. Sikumuuliza kitu, na sikumuiga kwa muntu. Espérance anajua vile ilinichoma. Wiki ya kwanza, hakuna neno. Wiki ya pili, hakuna. Ya tatu akasema, "Hii bido inavuya." Nikaitengeneza.

Ikabaki siku moja. Vijana ya quartier bakashuka na beche ya udongo na fagio kuondoa ile ukuta yenye ilianguka, juu bageni basione aibu. Nilikuwa pale. Mama Sifa akasimama mu mulango.

"Muache," akasema. "Ibaki vile."

Akazunguka ku ukuta ya pembeni, akachukua kisu ya kikoni, akaanza kukwangua yeye mwenyewe.

Kesho yake bageni balikuya, batatu, na ingénieur, na Shefu na koti ya kanisa. Bamama balivaa bikwembe ya siku kuu na kusimama mbele ya ukuta zenye zimekwanguliwa, macho chini, kama vile muntu amebavua nguo mu njia. Mimi nawaambia kweli: mu kazi yangu yote sikuona kitu ya nguvu kupita ile, bamama kusimama vile na kunyamaza. Bageni balikuwa banapita na kuangalia mustari, kifundo, kifundo, muundi. Kadiri tunashuka, mustari inapanda.

Kwa Mama Sifa tukasimama. Mama mumoja ya bageni akauliza, Espérance akageuza mu Kiswahili: "Anauliza kama unaridhika na kazi."

Mama Sifa akashika kikwembe yake. "Aksanti, aksanti..."



Akageuka kwangu. "Mama Bahati, musemeshe wewe. Sema na sauti yangu. Wewe unajua."

Mungu anaona, ilikuwa mu koo tayari. Maneno, mupumuzi, yote. Nikasema: "Hapana, mama. Leo yako njo inafanya kazi."

Akaniangalia vile muntu anaangalia mwenye amemufungia mulango. Kisha akageukia bageni.

"Aksanti ya mashimo," akasema. "Aksanti ya tanki, maji yake iko muzuri, maharage inaiva mbio. Lakini mufereji yenu inaishia ku mulango yangu. Munakusanya maji ya Mukondo yote, munaileta mupaka hapa, kisha munaniachia mimi. Mimi peke yangu nitaifikisha ziwa namna gani? Na kikombe?"

Nyuma yetu muntu mumoja akacheka, kisha mwingine akasema, "Anasema kweli!" na mara moja mustari ya chini yote ikafunguka, kila muntu na yake: huyu mihogo yake ilioza, huyu mutoto anakohoa, huyu analazaka unga juu ya meza na yeye chini. Espérance hakujua tena asikie nani. Shefu akakohoa, nikajua inakuya. "Hm-hm! Hata mimi," akasema, "siko contente sana."

Ingénieur alinyosha mukono, akachukua fimbo yangu bila kuniomba. Akaisimamisha ku ukuta, kisha akaisimamisha ku muguu yake mwenyewe. Ikafika ku goti. "En principe..." akasema. Hakumaliza. Alitoa bic, ile yenye mimi nilikataa ao ndugu yake, akaandika pale pale akisimama mu matope.

Mufereji ilishuka. Haikushuka na maneno peke yake. Ilipaswa kupita mu ndizi ya Shefu, na alikohoa ku kila shina yenye ilikatwa, saba. Mvua ya mwezi ya tisa ikatukuta tungali tunachimba, na tulichimba na mvua ku mugongo, banaume na banamuke, ingénieur naye, miwani mu mufuko. Tukapanda matete mupaka ku ziwa. Mama Sifa akajengewa ukuta na mawe chini yake. Mvua kubwa ikakuya, na asubui yake nilishuka na fimbo kuangalia. Ukuta ilikuwa kavu. Yeye alikuwa mu mulango, uso mubaya.

"Mama Bahati! Ile matete yenu imeleta vyura. Vyura inaimba, muntu halali. Baandike ile!"

Nilipanda ku biro ninakimbia, na magoti hii. Espérance akaniuliza Mama Sifa alisema nini. Nikamwambia ashuke kumusikia yeye mwenyewe. Njo siku nilijua kazi imeshika: Mama Sifa alinigombeza bila kunikaribisha kwanza.

Papa Kasereka alitutoka mwaka yenye ilifuata, kwabo Butembo. Mvua ilinyesha siku habari ilifika, na nilitoka inje na boti, nikasimama. Kisha projet ikanituma kwetu Walikale, mu quartier ya zamani, nifundishe bengine. Nilibaambia: musiulize muntu kama anaridhika mbele hamujaona chini ya ukuta yake. Na bageni bakikuya, musiseme mupake. Bandugu zangu ya Walikale balicheka. Kwetu kule bantu habana aibu ya kukuambia kazi yako iko mubaya, na balinionyesha siku ya kwanza. Nilifurahi sana.

Sasa nyinyi muko na tablette, na ndani yake sura tatu: ya kucheka, ya kunyamaza, ya kulia. Muntu anagusa. Ni muzuri, inaenda mbio. Lakini nawaambia, mu Mukondo bantu bote batagusa ya kucheka, juu ile ya kulia haina heshima kwa mugeni. Mukubali bawapikie chai. Muzunguke nyuma ya nyumba.

Wiki iliyopita mumoja yenu alikuya kwangu, ule mufupi, Neema. Mimi sikujua anakuya. Niliona tu musichana anapanda njia na ile gilet ya projet, koti bila mikono, na fimbo yangu yenye Espérance alimukopesha. Pembeni ya mulango yangu iko alama, kidogo, fasi yenye goutière mupya ya bati inavuya na kurusha matope. Kabla sijafikiri kitu, mukono yangu ilikuwa imeshaingia mu beseni ya udongo mweupe. Niliinama mupaka ku ukuta. Vidole kumi, tayari.

Nikaona ile vidole.

Nikarudi mu beseni ya maji, nikanawa, nikapangusa mikono ku kikwembe. Neema akafika, akaniita sawa nyanya yake. "Koko, jambo. Nimekuya kukuuliza kama unaridhika na—"

"Kuya hapa," nikamwambia. "Leta fimbo."